Pareto ikishuka Kusini

Pakiti ya unga wa pareto ikikaa miezi kadhaa kwenye rafu ya duka la bati, pale Masasi au Nachingwea ambako saa nane mchana hata muuzaji mwenyewe anakimbilia kivuli cha mwembe, kwa nje haibadiliki. Rangi ni ileile, harufu ipo, uzito umetimia. Kilichoondoka ni dawa. Mkulima anainyunyizia kunde zake, vidukari wanaendelea kunyonya kama hawajaambiwa kitu, na kesho yake kijiweni inatangazwa kwamba dawa za asili ni za kudanganyia watu.

Pareto haidanganyi mtu. Ni dawa yenye maisha mafupi, iliyotoka kwenye ua la baridi, na karibu kila kosa linalofanyika nayo huku Mtwara na Lindi ni la kuilazimisha iishi kuliko ilivyoumbwa.

Ua lenyewe ni dogo, jeupe, lenye kitovu cha manjano, ndugu wa mbali wa alizeti. Asili yake ni pwani ya Dalmatia, nchi ambayo leo ni Kroatia. Kabla ya Vita Kuu ya Pili wauzaji wakubwa walikuwa Wajapani, na ndio waliotengeneza dawa ya mbu ya kuchoma, ile ya mduara, kutokana na unga wake. Baadaye Afrika Mashariki ikatawala soko, na siku hizi Tasmania kule Australia inavuna kwa mashine. Hapa Tanzania pareto inalimwa Mufindi, Makete, milima ya Mbeya, na upande wa kaskazini huko Ngorongoro.

Basi kila mara anatokea mtu anayeuliza: kwa nini tusipande Newala, si kuna ubaridi? Au Rondo? Jibu liko kwenye kitumba. Pareto haifungi vitumba vya maua mpaka ipate majuma kadhaa ya usiku wa baridi, joto likishuka hadi nyuzi 16 hivi au chini ya hapo. Ndiyo maana inapenda miinuko inayokaribia mita 2,000 na zaidi. Uwanda wa Makonde na Rondo haufiki huko, hata nusu ya huko ni shida. Ubaridi wa Newala ni wa kuvaa sweta asubuhi ya Julai, si wa kuishawishi pareto itoe ua. Mbegu itaota, mmea utatanua majani yake ya kijivu yanayopendeza, na utakaa hivyo hivyo. Majani yana dawa kidogo mno, hayalipi jembe. Kwa hiyo sisi ni wanunuzi, na mnunuzi inabidi ajue anachonunua.

Ukipata ua kavu zima, lipasue kwa kucha. Petali nyeupe zipulize ziende zake. Kinachobaki mkononi ni kitovu, na ndani ya kitovu mna punje nyembamba zenye mbavu, zimesimama wima zimebanana kama miswaki kwenye kikombe. Ukiziangalia kwa lenzi utaona juu ya ganda vifuko vidogo vya mafuta. Humo ndimo ilimo sehemu kubwa kabisa ya dawa yote ya ua, zaidi ya tisa kwa kumi. Ua zuri lililokaushwa vizuri lina kati ya asilimia 1 na 2 ya dawa kwa uzito. Ndiyo sababu wachumaji wa nyanda za juu huchuma ua likiwa limekunjuka, safu za nje za kitovu zimefunguka na za kati bado. Kitumba kilichofungwa hakijajaza mafuta. Na ndiyo sababu unga uliosagwa pamoja na vikonyo ni hasara tupu: unanunua nyasi kwa bei ya ua. Ukiona unga wenye nyuzi ndefu na vipande vya kijani, uache hapo hapo dukani.

Dawa yenyewe ni mchanganyiko wa esta sita, yaani kemikali zilizoungwa kwa vipande viwili: pirethrini mbili, sinerini mbili, jasmolini mbili. Wakemia Hermann Staudinger na Leopold Ruzicka walianza kuzifumbua miaka ya 1910 na kuchapisha kazi yao mwaka 1924, ingawa umbo kamili lilisubiri wengine. Kinachomhusu mkulima ni jinsi zinavyofanya kazi. Mishipa ya fahamu ya mdudu hupeleka habari kwa kufungua na kufunga milango midogo ya sodiamu. Pirethrini huizuia milango isifunge. Mshipa unapiga kelele mfululizo, mdudu anatetemeka, anapinduka chali, miguu juu. Yote hayo kwa dakika chache.

Hapa ndipo watu wanapoponzwa. Kuanguka si kufa. Mwili wa mdudu una vimeng'enya vinavyoivunja pirethrini, na kama kipimo kilikuwa kidogo, mende uliyemwacha chali saa mbili usiku anaamka saa saba na kwenda zake jikoni. Joto linamsaidia yeye: pareto, tofauti na dawa nyingi, huua vizuri zaidi kukiwa na ubaridi, na kwenye joto mdudu huinuka haraka. Ukiitumia ndani ya nyumba, dakika ishirini baada ya kuangusha, fagia wote walioanguka uwatie kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Hiyo fagio ni sehemu ya dawa.

Vimeng'enya hivyo ndivyo vilivyoileta pareto kwenye jirani yetu wa karibu kabisa, ufuta. Mwaka 1940 ilitolewa hataza Marekani iliyoeleza kwamba mafuta ya ufuta, ambayo peke yake hayamdhuru inzi, yakichanganywa na pareto huongeza vifo vya inzi kwa kiasi kikubwa. Makopo ya kwanza ya dawa ya kupuliza ya jeshi la Marekani wakati wa vita yalikuwa hivyo: pareto, mafuta ya ufuta na gesi ya kusukuma. Uchunguzi ukaonyesha kwamba wenye kazi ni sesamini na sesamolini zilizomo kwenye mafuta, ambazo huvikaba vile vimeng'enya. Wakemia wakaiga umbo lake wakapata piperonili butoksaidi, iliyotangazwa mwaka 1947, ambayo mpaka leo iko karibu kwenye kila dawa ya kopo yenye pareto. Hata baadhi ya vyandarua vipya vinavyogawiwa kwa sababu mbu wamekuwa sugu vina kitu hichohicho ndani yake. Majaribio makubwa yaliyovipa sifa yalifanyika hapa hapa nchini, Muleba mkoani Kagera, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Lindi inauza ufuta kwenye minada ya stakabadhi ghalani kila msimu, na ni wachache kwenye foleni ya mizani wanaojua kwamba punje ile imo kwenye ukoo wa chandarua.

Je, umwage basi mafuta ya ufuta kwenye bomba? Tupige hesabu kwanza. Bomba la mgongoni la lita 15 huchukua gramu 30 za unga wa pareto (tutarudi kwenye kipimo hiki). Unga ukiwa na asilimia 1.5, dawa halisi ni gramu 0.45. Viwandani kichocheo, yaani kile kinachokaba vimeng'enya, huwekwa mara tano hadi kumi ya uzito wa dawa, yaani gramu 2.25 hadi 4.5. Mafuta ghafi ya ufuta yana sesamini na sesamolini kama nusu asilimia hadi asilimia moja. Kufikisha kiwango hicho unahitaji kati ya robo lita na karibu lita nzima ya mafuta kwa bomba moja. Hayo mafuta yataelea juu ya maji, yataziba pua ya bomba, yataunguza majani ya kunde kesho yake jua likipanda, na bei yake inazidi ya kunde zenyewe. Kiasi kidogo kina msaada wake kwenye dawa ya ndani ya nyumba, ila bombani ni ubadhirifu. Uza ufuta wako.

Turudi kwenye kuchanganya, kwa sababu hapa ndipo dawa nzuri inapouawa na mchanganyaji.

Kipimo cha kawaida cha unga wa maua kwa mboga ni gramu 20 kwa lita 10 za maji, ndiyo hizo gramu 30 kwa lita 15. Pima kwa mizani ya duka. Kijiko cha mtu mmoja si kijiko cha mwingine, na unga uliosagwa laini hulala tofauti na ule wa mawemawe. Tatizo la kwanza ni kwamba pirethrini ni mafuta, haiyeyuki kwenye maji. Mtu anayekoroga unga kwenye ndoo kisha akauchuja kwa kanga iliyokunjwa mara nne anaibakiza dawa kwenye kanga na kuyapulizia mimea yake maji ya rangi. Fanya hivi: weka unga kwenye kopo, tia kijiko kimoja cha chakula cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na maji kidogo, kanda mpaka uwe uji mzito usio na vidonge. Uache kivulini, umefunikwa, nusu saa hivi. Ongeza maji lita moja, koroga kwa nguvu, chuja kwa kitambaa chepesi cha kukunja mara moja tu, halafu rudisha machicha kwenye kopo, yaoshe tena kwa maji mengine uyachuje juu ya yale ya kwanza. Ndipo ujaze bomba. Usichemshe, wala usitumie maji ya moto ukidhani yatatoa dawa zaidi, moto unaivunja.

Sabuni ni ya maji kwa makusudi. Sabuni ya kipande, ile ya mche, ni kali kama magadi, na esta hazipendi magadi: zinakatika vipande viwili na kazi inaishia hapo. Kwa sababu hiyohiyo usichanganye pareto na majivu wala chokaa, ingawa majivu peke yake ni dawa ya bibi zetu na ina heshima yake. Maji nayo yaangalie. Visima vingi vya pwani, Kilwa na Lindi mjini hasa, vimechimbwa kwenye mawe ya chokaa na maji yake ni magumu. Dalili ni rahisi: sabuni haitoi povu, inaganda vinyangavinyanga. Tumia ya mvua au ya mto kama yapo. Kama hayapo, changanya na kupuliza papo hapo. Mchanganyiko wa jana mwage.

Saa ya kupuliza ni jioni, kuanzia saa kumi na moja na nusu hadi giza linapoingia. Jua ndilo adui mkubwa. Pirethrini ikitandazwa nyembamba juani, sehemu kubwa ya nguvu yake hupotea ndani ya muda usiofika saa moja. Anayepuliza saa nne asubuhi bustanini kando ya mto Lukuledi anamlisha jua. Jioni kuna ubaridi kidogo unaoongeza makali, viwavi wanaanza kutoka, na nyuki wamekwisha rudi mzingani. Hilo la nyuki si la kupuuza, maana pareto haimjui rafiki.

Lenga mdudu, usilenge jani. Pareto haiingii ndani ya mmea wala haikai kumsubiri mdudu wa kesho. Isipomgusa, haijafanya kitu. Kwa vidukari wa kunde, geuza jani, wanakaa chini na kwenye ncha changa. Kwa kiwavijeshi vamizi wa mahindi, mdogo aliye nje ya jani anakufa, lakini aliyekwisha jichimbia kwenye moyo wa mhindi na kujifunika kwa kinyesi chake kama mlango, huyo hapati hata tone. Kiwavi aliye ndani ya ganda la mbaazi ni hivyohivyo. Vidung'ata wenye nta nyeupe kwenye mipapai wanaisukuma kama maji kwenye mgongo wa bata. Vidukari huku huzaa watoto hai, na walioponea hujaza jani tena upesi, kwa hiyo kwao unarudia baada ya siku tano hadi saba. Mayai ya karibu kila mdudu yanabaki salama, ndiyo maana kwa kunguni wa kitanda unarudia baada ya siku saba hadi kumi, mayai yakishaanguliwa na kabla wadogo hawajakua.

Na mikorosho? Hapa nina msimamo. Salfa inatibu ubwiriunga, ambao ni ugonjwa wa ukungu, na haimuui mbu wa mikorosho, ambaye kwa kweli ni aina ya kunguni anayefyonza machipukizi. Pareto inamuua mbu wa mikorosho ikimgusa, na haifanyi lolote kwa ubwiriunga. Kuzichanganya kichwani ni kosa la kila mwaka. Lakini hata kwa mbu wa mikorosho, mti wa mita nane una majani mengi mno kwa dawa isiyodumu hata siku moja, na bomba la mgongoni halifiki kileleni. Zaidi ya hapo, kwenye mikorosho na miembe mingi ya huku wapo maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kwa hariri ya watoto wao. Tafiti za Zanzibar na za bara zimeonyesha miaka mingi kwamba maji moto humfukuza kunguni wa minazi na mbu wa mikorosho. Pareto ikipulizwa juu yao inaangusha kikosi kizima cha askari wasiolipwa mshahara. Mti wenye viota hai vya maji moto, uache. Wanauma, ndiyo, lakini wavunaji wamezoea.

Mahali ambapo pareto inastahili bei yake huku Kusini ni bustani ndogo ya mboga inayovunwa kila baada ya siku chache, banda la kuku lenye viroboto, na nyumba. Mchicha wa kuuza sokoni Mtwara keshokutwa hauwezi kupulizwa dawa inayokaa juma zima, lakini unaweza kupulizwa pareto jioni ya leo, mradi lebo ya dawa uliyonunua inaruhusu na siku zake za kusubiri zimefuatwa.

Ghala ni habari nyingine. Mahindi na kunde za kula usizichanganye na unga wa maua kwa kubahatisha; tumia dawa ya ghala iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, kwa kipimo kilichoandikwa. Ila inafaa kujua kwamba hata humo pareto ina mjukuu. Dawa moja ya unga iliyotumika sana ni mchanganyiko wa pirimifosi-methili na permethrini, gramu 100 kwa gunia la nafaka iliyopukuchuliwa. Permethrini ilitengenezwa kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, na kundi la Michael Elliott mwaka 1973 kwa kuiga pirethrini na kuipa ngozi ngumu ya kuvumilia jua. Imewekwa kwa ajili ya dumuzi, mdudu anayetoboa nafaka, ambaye pirimifosi-methili peke yake haimtoshi; fukusi anaondoka na hiyo pirimifosi-methili. Makopa ndiyo mtihani. Dumuzi hupenda sana mhogo mkavu, anachimba ndani, na unga wa juu haumfikii. Makopa yanahitaji ukavu na usafi wa ghala: vunja kipande kikatike kwa mlio, pepeta vumbi la zamani lote ghalani kabla ya kuingiza mapya, na kagua kila juma la pili.

Unga ulionunua ujaribu kabla ya kuutegemea. Chukua mitungi miwili ya glasi yenye mdomo mpana. Ndani ya mmoja tia unga wa ncha ya kisu, tikisa ushike kuta, kisha gonga utoe uliozidi. Mwingine uache mtupu. Ingiza inzi kumi kila mtungi, weka pamba yenye maji ya sukari, funika kwa kipande cha chandarua, vyote viwili vikae kivulini. Hesabu walioanguka baada ya dakika 10, dakika 30, na kesho yake muda uleule. Mtungi mtupu ni wa lazima, kwa sababu joto la Kusini lenyewe linaua inzi waliofungiwa, na usipolitoa utaisifia dawa kwa kazi ya jua. Hesabu ya kulitoa ni ya mtaalamu wa wadudu W. S. Abbott, ya mwaka 1925: wakifa tisa kati ya kumi kwenye dawa na wawili kati ya kumi kwenye mtupu, toa 20 kwenye 90 upate 70, gawa kwa 80 waliobaki hai kwenye mtupu, dawa imeua asilimia 87.5. Ukipata wengi walioanguka dakika ya kumi na wengi wanaotembea kesho yake, unga umepungua nguvu. Usiuongeze maradufu shambani ukidhani umetibu tatizo. Unga uliochakaa una vumbi lilelile la kuwasha pua na ngozi, na pungufu la dawa. Wenye pumu wasishike kazi hii kabisa, na wengine wote wafunge pua kwa kitambaa kinene.

Nunua kidogo, cha msimu mmoja. Ukipata maua mazima ni bora zaidi, kwani unga hupoteza nguvu haraka kuliko ua lisilosagwa. Saga siku ya kutumia, kwenye kinu ambacho hakitarudi jikoni. Hifadhi kwenye chupa ya rangi nyeusi au kopo la bati lisilopitisha mwanga, lililojaa mpaka juu ili hewa ibaki kidogo, lifungwe kwa mfuniko mkavu, liandikwe tarehe, liwekwe mahali pa chini penye ubaridi. Mtungi wa udongo uliowekwa pembeni mwa chumba, mbali na chakula na watoto, unafaa kuliko rafu yoyote iliyo chini ya bati.

Maji ya kuoshea bomba yamwage juu ya udongo mkavu unaopigwa na jua, hatua nyingi kutoka mtoni. Binadamu na ng'ombe huivunja pareto upesi mwilini, lakini samaki, kamba na kaa hawana uwezo huo, na bomba moja likioshwa kwenye kidimbwi cha kiangazi, maji yakiwa yamesimama, linatosha kuwafanya wote waelee juu kabla ya magharibi.